Ndani ya Neti Moja

Anayeingia duka la Ukunda kutafuta kitanda cha mtoto mchanga huulizwa rangi, kisha huulizwa ana pesa ngapi. Wa kumuuliza neti ya nyumbani kwake ina upana gani hayupo. Nami nadhani hilo ndilo swali la kutangulia, kwa sababu huku kwetu Ramisi mtoto hulala ndani ya neti kabla hajalala juu ya godoro, na kitanda kinachomtoa nje ya neti ya mama yake ni hasara hata kikitolewa bure.

Nimeyafikiria haya kwa sababu binti yangu anakaribia kujifungua, na mumewe, kijana mwema anayeshinda kwenye simu, amependezwa na vile vitanda vya ubavuni. Asiyevijua nimweleze. Ni kitanda kidogo, pande tatu zimezibwa na wa nne uko wazi au unashushwa. Husogezwa mpaka kikashikamana na kitanda cha mama, kikafungwa kwa mikanda, godoro la mtoto likalingana na la mama. Usiku mama hainuki. Hunyoosha mkono, humvuta mtoto akamnyonyesha, akishiba humrudisha. Mtoto yu karibu, lakini ana pake. Wazo lenyewe ni zuri wala silikatai. Nilichotaka kujua ni kama litaingia katika chumba chao, ambacho kitanda cha futi nne kwa sita, kabati na jiko la gesi vimekwisha kukigawana.

Ushauri unaotumiwa kuviuza vitanda hivi ulitokana na misiba. Miaka ya 1980, Ulaya, Marekani na New Zealand, wazazi wengi walilaza watoto wazima usiku na asubuhi wakawakuta wamekufa, bila homa wala alama yoyote. Watafiti walipowafuatilia waliona kwamba wengi walikuwa wamelazwa kifudifudi, kama wataalamu wenyewe walivyokuwa wakishauri. Uingereza ilizinduka kwa msiba wa mtangazaji wa televisheni, Anne Diamond, aliyefiwa na mwanawe Sebastian mwezi wa Julai 1991. Akasafiri hadi New Zealand, ambako kampeni ya kuwalaza watoto chali ilikuwa imeanza, akarudi kuisukuma serikali yake ifanye vivyo hivyo. Mwisho wa mwaka huohuo kampeni ikatangazwa, na katika miaka michache vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine. Ni mtoto kugeuzwa tu.

Huku kwetu nyanya wengi bado humlaza mtoto kifudifudi, eti gesi itoke. Gesi na itoke mtoto akiwa begani mwa mtu aliye macho. Kitandani alale chali.

Baada ya somo hilo likaja la pili, nalo ndilo linalotumiwa zaidi kukiuza kitanda cha ubavuni. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika mwaka 2016, kikarudia mwaka 2022, kwamba mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6, lakini mahali pake mwenyewe, pagumu na palipo sawa, bila mto wala blanketi. Wenye viwanda wanaona nafasi humo: karibu lakini mbali kidogo, hicho kitu kinauzika. Nalipenda jibu la madaktari haohao mwaka 2016 walipoulizwa juu ya vitanda vya ubavuni vyenyewe. Walisema ushahidi hautoshi kuvipendekeza wala kuvikataza. Ungesoma matangazo ungedhani wamevitilia muhuri.

Turudi kwenye neti, maana Wamarekani walioandika ushauri huo hawakuwa na haja ya kuifikiria. Sisi tuna mto unaopita hapa, tuna mvua ya mwaka inayoacha madimbwi mpaka mlangoni, na tuna mbu. Wazee walipoona mtoto anakakamaa na macho yanageuka walisema ni nyuni, ndege aliyepita juu ya nyumba usiku. Leo tunajua kwamba malaria ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya degedege pwani hii. Na tunajua kinga yake, tena kwa hesabu iliyofanywa hapahapa Pwani. Miaka ya 1990 kule Kilifi, watafiti waligawa neti zilizotiwa dawa katika baadhi ya vijiji na kuvilinganisha na vijiji ambavyo havijapata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa hospitalini kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Hakuna kitanda duniani, cha ubavuni au cha dhahabu, chenye matokeo kama hayo.

Basi pima. Neti anayopewa mama mjamzito kliniki hutosha kitanda kimoja. Ukibandika ubavuni kitanda cha upana wa nusu mita, neti inavutika, upande mmoja unainuka juu ya godoro, na mbu hahitaji mlango mkubwa. Ukiiacha ikae vizuri kwa mama, mtoto amebaki nje. Muuza duka atakuambia usijali, chukua hii neti ya mwavuli, ile ya kukunja yenye maua. Inapendeza mchana mtoto akilala mkekani. Lakini nyingi ya hizo hazina dawa, na ni ndogo mno: mkono wa mtoto ukigusa kitambaa, mbu anamuuma kupitia humohumo. Tena kila anaponyonya unaifunua na kuifunika gizani, na usingizi wa mzazi hauaminiki kukumbuka kufunika.

Jibu nililoliona ni moja tu la maana. Kitanda cha mtoto na cha mama viingie ndani ya neti moja, yenye dawa, ya pembe nne, pana ya kufunika vyote viwili na kuchomekwa chini ya magodoro pande zote za nje. Neti ya mviringo inayoning'inia kwenye ndoano moja haifai kazi hii, kwa sababu inabana juu na kulegea chini, na pembe ya mtoto ndiyo inayokosa kitambaa. Kama hupati neti ya upana huo, punguza upana wa kitanda.

Kuna jambo jingine ambalo dukani halitajwi. Kitanda cha ubavuni kinauza nafasi ya nyanya.

Kwa mila zetu Wadigo na Waswahili, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na usiku halali peke yake. Mama yake mzazi, au shangazi, huhamia chumbani. Baba hutolewa akalale kwingine, awe amependa au hakupenda. Mtoto akilia, mwenye kumwinua ni yule aliyelala mchana, si yule aliyetoka leba. Akisha kunyonya hupokewa, hucheulishwa begani, halafu hulazwa. Watu husema mila ile ni ya unajisi na heshima, na ni kweli imo. Lakini itazame kwa jicho la hao madaktari: imemwondoa kitandani mtu mzito mwenye usingizi mzito, na imemweka mtu aliye macho hatua moja kutoka kwa mtoto. Kitanda cha duka kinajaribu kufanya nusu ya kazi hiyo kwa mbao na mikanda.

Ila Ramisi nayo si kijiji cha nyanya watupu. Mji huu uliinuka kwa sukari. Kiwanda cha zamani, kile kilichokuwa na reli ndogo ya kuvuta miwa, kilileta watu kutoka Ukambani, Nyanza na hata Msumbiji, wakapewa nyumba za chumba kimoja kimoja. Kilipofungwa mwaka 1988 wengi hawakuwa na pa kurudi, wakabaki. Baadaye ikaja Kwale International Sugar kupanda miwa upya na kujenga kiwanda kingine, na wageni wapya wakaja. Nyumba nyingi za namna hiyo nyanya yuko Machakos au Siaya, na nauli ya kumleta ndiyo ile ambayo ingenunua kitanda. Hata sisi wenyeji, binti zetu wamepanga Ukunda na Diani wakifanya kazi za hoteli, na nyanya mwenyewe bado yuko sokoni na samaki wake. Kwa mzazi aliye peke yake usiku, na mume aliye kwenye zamu, mkono ndio msaidizi wake, na kitanda kilichosogezwa mpaka mkono ukafika kina maana kubwa.

Kwa nani hasa? Nitasema bila kuzunguka. Aliyezaa kwa upasuaji anakihitaji, kwa sababu kuinuka mara nne usiku na mshono tumboni ni adhabu. Mtoto aliyezaliwa njiti, au mwenye uzito mdogo, asilale godoro moja na mtu mzima. Huyo ndiye anayedhurika upesi. Nyumba yenye mvuta sigara, vivyo hivyo. Na nyumba ambayo baba hurudi na mnazi kichwani, tafadhali, mtoto asiwe kitandani mwake hata kidogo. Mlevi hageuki kwa tahadhari. Hapo, kama hakuna pesa za kitanda cha mtoto, anayepaswa kuhama ni baba, na mila ya arobaini imekwisha kumpa njia ya heshima ya kufanya hivyo.

Mama mwenye afya, asiyevuta wala kunywa, anayenyonyesha kwenye godoro gumu, yeye hali yake ni nyingine. Mwanaanthropolojia wa Marekani, James McKenna, ametumia miaka mingi kuwatazama akina mama wa namna hiyo wakilala na watoto wao, na anaona kwamba mama na mtoto huamshana kwa miondoko midogomidogo usiku kucha. Wenzake wa hospitali hawakubaliani naye mpaka leo. Mimi si daktari wa kuamua kesi yao. Najua tu kwamba kitanda cha kamba kilicholegea katikati, au godoro la sufi linalobonyea, huwavuta wote wawili kwenye shimo moja, na hapo hata hoja za McKenna hazisimami.

Nilikwenda kwa fundi wa Kimakonde upande wa Makongeni. Wamakonde waliletwa huku na kazi za miwa na mkonge tangu wakati wa mkoloni, wakaishi vizazi bila kitambulisho, mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 na serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Mzee huyu alipata kitambulisho akiwa na mvi. Nikamwamkia, nikampa simu yenye picha ya kitanda alichokipenda mkwe wangu.

"Marahaba, mama. Hiki nakiweza," akasema, akanirudishia simu upesi. "Lakini wote wanaleta picha. Hakuna anayeleta kipimo."

"Kipimo gani, mzee? Kitanda ni cha futi nne."

"Sitaki upana. Nataka kwenda juu. Mwambie binti yako alale kitandani, alalie ubavu wa ukingoni kabisa, halafu mtu apime kwa fimbo kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, hapo lilipobonyea. Akipima godoro likiwa tupu, mimi nitakitengeneza kirefu kuliko yeye."

Sijasikia mwenye duka akisema neno lenye akili kama hilo. Sponji hubonyea mama akilala, kwa hiyo kitanda kilicholingana na godoro mchana huwa kimepanda usiku, na mama anamwinua mtoto juu ya kingo badala ya kumtelezesha. Kikiwa chini zaidi, mtoto huteremka. Na kati ya magodoro mawili pasiwe na mwanya hata wa vidole viwili, kwa sababu uso wa mtoto mchanga huingia mahali ambapo mkubwa hadhani panaingilika. Watu huziba mwanya huo kwa blanketi lililokunjwa. Blanketi hutoka usiku, mwanya hubaki.

Mengine tuliafikiana haraka. Fito zisipishane zaidi ya sentimita 6, ili mwili usipenye kichwa kikabaki. Mbao ziwe za mwarobaini uliokauka, zipigwe msasa, zisipakwe rangi iliyobaki ya milango. Miguu iwe mipana isiyumbe. Godoro gumu, la kipimo cha kitanda chenyewe. Akauliza kama nataka achonge nakshi kichwani, simba au ua. Nikasema ua, kwa upande wa nje.

Mkwe wangu alikuwa bado anapigania kitanda kimoja cha mtumba, kwa kuwa kilikuwa na magurudumu na mtambo wa kubembeleza. Nilimweleza habari ya Rock 'n Play, kitanda cha mtoto cha Fisher-Price kilichoinamia upande mmoja. Mwezi wa Aprili 2019 kampuni iliviita virudishwe vyote, karibu milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Mtoto akiinamishwa hivyo kidevu huangukia kifuani na pumzi hubana. Marekani pia imepiga marufuku tangu 2011 vitanda ambavyo ubavu wake mmoja huteremka kwa reli, kwa sababu vyuma vyake vilikuwa vikiachia. Tangazo la kurudisha bidhaa halifungwi pamoja na kontena la mitumba. Anayenunua mtumba hununua na sababu iliyomfanya mwenzake akitoe, na hataijua.

Mito ya kuzungushia kingo sitaizungumza sana: usinunue. Wala sweta na kofia ya sufi mwezi wa Februari, na joto hili. Mtoto anayetokwa jasho shingoni hana baridi, na joto kupita kiasi nalo ni hatari usingizini. Leso moja yatosha.

Lakini kuna wasio na pesa za fundi, na kuna vyumba visivyoruhusu hata nusu mita ya ziada. Hawa ndio wengi, na hawa ndio walionifanya nitake kuandika. New Zealand walikumbana na jambo lilelile. Wamaori walikuwa wakifiwa na watoto usingizini kuliko Wazungu wa nchi hiyo, na wauguzi walikuwa wakiwaambia akina mama wasilale na watoto. Hawakusikilizwa, kulala na mtoto ni desturi ya watu wale, kama ilivyo yetu. Katikati ya miaka ya 2000 daktari wa Kimaori, David Tipene-Leach, pamoja na wafumaji, wakatengeneza wahakura: chombo kilichofumwa kwa majani ya mmea wao wa asili, chini sawa, kingo fupi, ambacho huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yumo kitandani na bado ana pake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukalinganisha akina mama waliopewa wahakura na waliopewa kitanda cha kawaida. Hatari haikuongezeka, na walionyonyesha maziwa ya mama pekee hadi miezi 6 walikuwa takriban mara mbili kwa wenye wahakura.

Niliposoma habari hiyo nilitazama mkeka niliokuwa nimeukalia. Hapa Kwale tuna miyaa, tuna ukindu, na tuna wanawake wanaoshona ukili kuanzia Msambweni mpaka Vanga. Vikapu vyao hununuliwa na watalii Diani wakatilia taulo za kuogea. Chombo kama hicho hakipanui kitanda wala hakihitaji neti nyingine. Kinaingia ndani ya neti ileile iliyotolewa kliniki, juu ya kitanda kilekile, upande wa ukutani au kati ya mama na ukingo uliozibwa vizuri. Kinahitaji tu kitako kisichobonyea, kingo zisizoanguka ndani, matundu ya kupitisha hewa, na kigodoro chembamba kigumu. Mfumaji anayeweza kutengeneza kikapu kisichopindika chini ya gunia la nazi anaweza kutengeneza hicho. Ningependa wauguzi wa Msambweni na wafumaji hao wakae mkeka mmoja, mmoja alete vipimo na mwingine alete ukili. Serikali ya kaunti inayotafuta soko la mikono ya akina mama ingeanzia hapo kabla ya kuwatafutia Wazungu.

Kitanda cha mzee wa Makongeni kimekwisha. Kiko kwangu, si kwa binti yangu, kwa sababu mama mkwe wake hataki kitu cha mtoto kiingie nyumbani kabla ya mtoto, na sikuona haja ya kubishana naye. Neti pana ya pembe nne nimeinunua, nimeianika kivulini itoe harufu. Arobaini ya kwanza nitalala nao mimi, mkwe wangu atakwenda kwa kaka yake.

Vitanda vya namna hii kazi yake ni fupi. Mtoto akianza kujisukuma juu ya mikono na magoti, kwenye mwezi wa tano au wa sita, kingo zile hazimzuii tena na lazima atolewe. Kukifanya rafu ya nguo ni kuonea mbao. Aliye na mimba hapa Ramisi, Kanana au Bodo, na amekwisha kupima chumba na neti yake, aje aulize. Hatutauza.